Taka za zahanati na hospitali zetu: sheria inasemaje, na kamati ianzie wapi?

Somo la robo mwaka kwa kamati za parokia na marafiki wa huduma za afya



Katika vikao vingi vya kamati zinazosimamia zahanati na vituo vya afya vya makanisa, ajenda huwa ni zile zile: dawa, mishahara, paa la wodi ya wazazi, gari la wagonjwa. Taka hazitajwi. Zikitajwa, hutajwa mwishoni chini ya "mengineyo", pale mjumbe mmoja anapolalamika juu ya moshi au juu ya mbwa aliyeonekana akiburuta bandeji. Somo la robo hii linaichukua ajenda hiyo ya mwisho na kuiweka ya kwanza.

Lengo letu ni kujibu maswali matatu. Taka za huduma za afya ni zipi na zinadhuru vipi? Sheria ya mazingira ya Tanzania inamtaka mwenye kituo afanye nini? Na kamati ya parokia yenye fedha kidogo ianzie wapi? Tunashauri somo lisomwe kwa sauti katika kikao, sehemu moja moja, kisha wajumbe watembee pamoja hadi nyuma ya kituo chao wakajionee.

1. Kwa nini jambo hili ni zito huku kwetu

Tumechukua Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita kuwa mfano, kwa sababu tatu.

Kwanza ni wingi wa watu. Geita ilifanywa kuwa mkoa mwaka 2012, lakini msongamano wa watu ulianza kabla ya hapo. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu, upande wa Kahama, mwaka 2001. Kando ya migodi hiyo yapo machimbo ya wachimbaji wadogo, kama vile Nyarugusu na Rwamagasa, ambako watu hufika mapema kuliko huduma. Zahanati iliyojengwa kwa ajili ya kijiji kimoja hujikuta ikihudumia mji mzima. Sindano zinaongezeka, wazazi wanaojifungua wanaongezeka, lakini shimo la taka linabaki lile lile lililochimbwa siku ya ufunguzi.

Pili ni ardhi na maji. Sehemu kubwa ya nchi hii ina udongo mweusi wa mbuga, ambao hupasuka wakati wa kiangazi na kujaa maji wakati wa mvua. Shimo lililochimbwa mbugani bila kujengewa hupitisha maji machafu kwenye nyufa, na mvua zikizidi hufurika na kutapika kila kilichotupwa ndani. Maji ya Ziwa Victoria yalifika Shinyanga na Kahama kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2009, na tunashukuru. Hata hivyo si kila kijiji kimeunganishwa. Palipo na kisima au lambo, shimo bovu la taka ni hatari kwa kila anayechota hapo.

Tatu ni magonjwa ya mlipuko. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera; watu sita walifariki, mmoja wao akiwa mhudumu wa afya. Mwezi Januari 2025 ugonjwa huo huo ulitangazwa wilayani Biharamulo, wilaya inayopakana na mkoa wa Geita. Marburg huenea kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa, pamoja na vitu vilivyochafuliwa na majimaji hayo. Kituo ambacho siku za kawaida hakijazoea kutenganisha taka hakitajifunza kufanya hivyo siku ya mlipuko.

2. Taka za huduma za afya ni zipi?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa kati ya taka zote za vituo vya afya, asilimia 85 hivi ni za kawaida, sawa na za nyumbani: karatasi, maganda ya matunda, maboksi, majani yaliyofagiwa. Asilimia 15 zilizobaki ndizo hatarishi. Hizi ni pamoja na:

(a) Vitu vyenye ncha kali: sindano, nyembe, visu vya upasuaji, vichupa vilivyovunjika.

(b) Taka za kuambukiza: pamba, bandeji, glavu na mashuka yenye damu au usaha, pia vifaa vilivyotumika maabara.

(c) Viungo na sehemu za mwili, hasa kondo la nyuma baada ya mama kujifungua.

(d) Dawa zilizokwisha muda wake au kuharibika.

(e) Kemikali na madini, ikiwa ni pamoja na zebaki iliyomo katika vipimajoto na vipimo vya shinikizo la damu vya zamani. Tutalirudia jambo hili, kwa sababu Geita ina uhusiano wa pekee na zebaki.

Hatari kubwa ya kila siku ni sindano. Mtu aliyechomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini aina ya B, ikiwa hakuchanjwa, anaweza kuambukizwa kwa uwezekano unaofikia asilimia 30. Kwa homa ya ini aina ya C uwezekano ni kati ya asilimia 2 na 3, na kwa VVU ni asilimia 0.3. Wengi wetu tunaiogopa VVU peke yake. Takwimu hizi zinaonyesha kwamba homa ya ini ndiyo inayopita kwa urahisi zaidi, na bahati nzuri aina ya B ina chanjo.

Madhara hayaishii ndani ya uzio. Mwaka 2009, katika jimbo la Gujarat nchini India, watu wapatao 240 waliambukizwa homa ya ini aina ya B baada ya kudungwa sindano zilizokwisha kutumika. Mabomba ya sindano yalikuwa yakiokotwa na kuuzwa tena. Mahali popote ambapo takataka ina mnunuzi, na ukanda wa machimbo una wanunuzi wa kila kitu, jambo kama hilo linaweza kutokea.

3. Sheria inasemaje?

Sheria kuu ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika mwaka 2005. Wanakamati hawahitaji kuikariri, ila yapo mambo matano ambayo kila mjumbe anapaswa kuyafahamu.

Kwanza, kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya kuwa katika mazingira safi, salama na yenye afya, na kila mtu ana wajibu wa kuyalinda. Haki na wajibu vimewekwa pamoja. Jirani wa zahanati ana haki. Mwenye zahanati ana wajibu.

Pili, anayechafua ndiye anayelipa. Gharama ya kusafisha haiwi ya jirani wala ya kijiji. Mamlaka yanaweza kutoa amri ya kurejesha mazingira katika hali yake, na mahakama inaweza kutoza faini au kutoa kifungo.

Tatu, taka hatarishi zina masharti yake. Kukusanya, kusafirisha na kuteketeza taka za aina hii ni kazi inayohitaji kibali. Kanuni za taka hatarishi zilitolewa mwaka 2009 na zimebadilishwa tangu hapo, hivyo kamati iombe toleo la sasa kwa afisa mazingira wa halmashauri badala ya kutegemea nakala iliyoko kabatini.

Nne, ujenzi mpya unaweza kuhitaji Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Kabla ya kumwita fundi wa hospitali mpya au wa kichomea taka, ulizeni mradi wenu uko katika kundi gani. Ni nafuu kuuliza kabla ya msingi kuliko baada ya paa.

Tano, sheria imeweka watu wa kuiendesha kuanzia taifa hadi kitongoji. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liliundwa mwaka 1983, na Sheria ya 2004 ililipa nguvu zaidi. Halmashauri inatakiwa kuwa na afisa mazingira. Kata na kijiji huwa na kamati za mazingira. Wakaguzi wa mazingira wana uwezo wa kuingia na kukagua. Pamoja na sheria hii ipo Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na ipo miongozo ya Wizara ya Afya kuhusu taka za huduma za afya.

Wapo wanaosema sheria ni za migodi na viwanda. Hebu tukumbuke historia. Katika kesi iliyofunguliwa mwaka 1988, wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya jalala lililokuwa likiwaka moto karibu na nyumba zao. Mahakama Kuu iliwapa haki, ikiona kwamba moshi na uvundo ule ulihatarisha haki ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba. Jiji lilipopeleka taka Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao walikwenda mahakamani mwaka 1991 na kushinda. Wakati huo Sheria ya 2004 ilikuwa haijatungwa. Aliyeshtakiwa hakuwa kiwanda bali mtoa huduma za jamii. Na kuhamisha taka kutoka kwa jirani mmoja kwenda kwa mwingine hakukukubaliwa kuwa utatuzi.

Jambo hili linatugusa kwa namna nyingine pia. Makanisa ya ukanda huu yamekuwa mstari wa mbele kuwatetea wananchi dhidi ya uchafuzi wa migodi. Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, lilipasuka na tope likaingia katika makazi na mashamba, na ilikuwa sawa kabisa kuuliza nani anawajibika. Sheria tunayoitumia kuuliza maswali hayo ndiyo hiyo hiyo itakayotumika kutuuliza sisi. Sauti yetu itasikika vizuri zaidi kama nyuma ya zahanati yetu ni pasafi.

4. Kutenganisha: kazi isiyo na gharama kubwa

Hebu tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme kituo cha afya kinazalisha kilo 20 za taka kwa siku. Kwa makadirio ya WHO, hatarishi ni kilo 3 tu. Zikitenganishwa pale pale zinapotokea, kituo kina kilo 3 za kuteketeza kwa uangalifu na kilo 17 za kupeleka kwenye shimo la kawaida au la mboji. Zikichanganywa katika ndoo moja, bandeji moja yenye damu inazichafua zote, na sasa kituo kina kilo 20 za taka hatarishi. Kuni zinaongezeka karibu mara saba, moshi vivyo hivyo, na anayezibeba yuko hatarini katika kilo zote 20.

Utaratibu wa rangi unaotumika Tanzania ni huu: ndoo nyeusi au ya bluu kwa taka za kawaida, ya njano kwa taka za kuambukiza, nyekundu kwa taka zenye maambukizi makali, kama vile za maabara, na sehemu za mwili. Sindano haziingii katika ndoo yoyote. Huingia katika kisanduku cha usalama, kile ambacho wauguzi wengi hukiita sefti boksi, mara tu baada ya kutumika, bila kurudishiwa kifuniko chake. Kisanduku kikijaa robo tatu kifungwe, kisisindiliwe.

Kisanduku cha lita 5 huchukua sindano 100 hivi. Zahanati inayotoa sindano 30 kwa siku kwa siku 26 za mwezi hutumia sindano 780, yaani visanduku visivyopungua 8 kwa mwezi. Mweka hazina akiona kwenye vitabu vimenunuliwa au kupokelewa viwili tu, aulize: hizo sindano nyingine zimekwenda wapi? Hesabu hiyo moja inaweza kufanywa na mjumbe yeyote, hata kama hajasomea uuguzi.

Taka za kuambukiza zisikae. Katika joto la kwetu, WHO inashauri zisizidi saa 24 kabla ya kuteketezwa wakati wa joto kali, na saa 48 wakati wa baridi.

5. Mahali pa mwisho: shimo, moto au mvuke

Njia iliyozoeleka ni kuchoma katika shimo la wazi. Njia hii ina kasoro kubwa. Moto wa shimo haufiki joto la kutosha: plastiki huungua nusunusu na kutoa moshi wenye sumu, ikiwa ni pamoja na kemikali ziitwazo dayoksini, na sindano za chuma hubaki kama zilivyokuwa, zimefichwa kwenye majivu zikimsubiri mtoto asiye na viatu. Vichupa vya dawa vilivyofungwa hulipuka. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania imo, unazitaka nchi zipunguze kemikali hizo.

Kichomea taka cha matofali chenye vyumba viwili ni hatua bora kuliko shimo, mradi kiendeshwe inavyotakiwa: kipashwe moto kwanza kwa kuni, kifikie joto la zaidi ya nyuzi 800, kilishwe kidogo kidogo, na bomba la moshi liwe refu na mbali na wodi. Kisiwekewe taka mbichi zenye maji, vichupa vya kioo, zebaki, wala betri. Majivu yake ni taka pia. Yaingie katika shimo lililojengewa.

Njia ya tatu ni mvuke wa moto wenye shinikizo, sawa na ule unaotumika kutakasa vifaa vya upasuaji. Kuanzia mwaka 2016 Tanzania, pamoja na Ghana, Madagaska na Zambia, ilikuwa katika mradi wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) ulioleta mitambo ya mvuke badala ya vichomea, na vifaa visivyo na zebaki. Mvuke hauna moshi, na plastiki iliyotakaswa inaweza kusagwa na kutumika tena. Unahitaji umeme na maji ya uhakika, hivyo unafaa zaidi hospitali kuliko zahanati ya kijijini. Zahanati ndogo zinaweza kukubaliana na hospitali ya jirani ipokee visanduku vyao, kwa kufuata masharti ya usafirishaji.

Mashimo bado yanahitajika. La kondo la nyuma liwe limejengewa, lina mfuniko mzito na bomba la hewa. La vitu vyenye ncha kali liwe la zege, lenye tundu dogo ambalo mkono hauingii. Yote mawili yawe umbali wa angalau mita 50 kutoka kisima, na sakafu yake iwe juu ya maji ya ardhini kwa mita 2 hivi. Mbugani, ambako maji hupanda karibu na uso wa ardhi wakati wa masika, pimeni baada ya mvua, si katikati ya kiangazi. Mkikosa kina cha kutosha, tafuteni sehemu ya mwinuko. Na uzio uwepo, wenye mlango na kufuli.

6. Zebaki: onyo la pekee kwa Geita

Kipimajoto cha kioo kina gramu moja hivi ya zebaki. Kipimo cha shinikizo la damu cha zamani, kile chenye safu ya kioo, kina gramu 80 hadi 100. Machimboni zebaki ina bei, kwa sababu wachimbaji wadogo huitumia kukamatia dhahabu. Matumizi yake Rwamagasa yalichunguzwa na mradi wa Umoja wa Mataifa katika miaka ya 2000. Mchimbaji anapochoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu, mvuke wake huingia mapafuni na kudhuru ubongo na figo, na mara nyingi familia nzima iko karibu na jiko hilo.

Kwa hiyo kipimo kibovu kilichosahauliwa stoo si chuma chakavu. Kikiuzwa, zahanati iliyojengwa kuponya imechangia sumu. Kikitupwa ndoo ya njano na kufika kwenye kichomea, mvuke wake utamfikia mhudumu na wagonjwa.

Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, uliweka mwaka huo huo wa 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuingiza vipimo hivyo vya zebaki. Badilisheni kwa vya kidijitali au vya mshale. Vya zamani vihesabiwe, viandikwe, vifungiwe, na afisa mazingira aulizwe vipelekwe wapi. Kipimajoto kikivunjika, msifagie kwa ufagio: fungueni madirisha, ondoeni watoto, kusanyeni matone kwa vipande viwili vya karatasi ngumu, yawekwe kwenye chupa yenye maji kidogo, ifungwe na kuandikwa.

Vifaa vingine vya zamani navyo visiuzwe kiholela. Mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazil, waokota vyuma chakavu walivunja mashine ya mionzi iliyoachwa katika kliniki iliyohama. Watu wanne walikufa na wapatao 250 walichafuliwa na mionzi.

7. Dawa zilizokwisha muda

Dawa hizi hazitupwi shimoni wala chooni. Uteketezaji wake husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliyoitwa TFDA hadi mwaka 2019. Kituo hutenga dawa, huziorodhesha, huomba kibali na kusubiri usimamizi.

Hapa tunasema na marafiki wanaotutumia dawa kwa moyo mwema. Dawa iliyobakiza miezi miwili inapofika kijijini huwa taka kabla haijafunguliwa, na gharama ya kuiteketeza kisheria inabaki kwa aliyeipokea. Tafadhali ulizeni kwanza kinachohitajika.

8. Anayezibeba

Katika vituo vingi kazi hii hufanywa na mtu mmoja, mara nyingi kibarua anayelipwa kidogo kuliko wote, asiye na mkataba wala mafunzo. Yeye ndiye anayebeba hatari ambayo sisi sote tumeizalisha. Anahitaji gambuti, glavu nene, aproni, barakoa na kinga ya macho. Anahitaji chanjo ya homa ya ini aina ya B, dozi tatu ndani ya miezi sita, na ya pepopunda. Anahitaji kujua kwamba akichomwa na sindano aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, atoe taarifa mara moja, na aanzishiwe dawa za kuzuia VVU mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita. Na anahitaji uhakika kwamba akitoa taarifa hatafukuzwa. Mficha maradhi kifo humfichua. Lakini kibarua huficha kwa sababu anaogopa kukosa mkate, na hofu hiyo tunaweza kuiondoa sisi.

9. Neno kwa wafadhili

Kichomea taka hupigwa picha vizuri siku ya uzinduzi. Baada ya hapo kinahitaji kuni au mafuta, fundi wa kuziba nyufa, mshahara wa mwendeshaji, na visanduku vya usalama kila mwezi. Vitu hivi havina kibao cha kumbukumbu. Hata hivyo, bila hivyo jengo lenyewe hugeuka kuwa taka. Tunaomba kila mchango wa kujenga uambatane na mpango wa uendeshaji wa angalau miaka mitatu, utakaopungua mwaka hadi mwaka kadiri kituo kinavyoingiza gharama hizo katika bajeti yake.

Shinyanga ina mfano wake wa jambo lililodumu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), wa mwaka 1986 hadi 2004, ulirudisha miti na majani katika maeneo yaliyokuwa yamegeuka jangwa, na mwaka 2002 ulipata tuzo ya kimataifa ya Ikweta. Haukuleta wazo geni. Ulijenga juu ya ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga sehemu ya malisho kwa ajili ya kiangazi, yenye mipaka inayojulikana, kanuni zilizokubaliwa na walinzi wanaojulikana kwa majina. Mpango wa taka unataka mambo hayo hayo matatu: mpaka, kanuni na mlinzi.

10. Kamati ianzie wapi?

Mwezi huu, bila fedha: tembeleeni shimo, mteueni pamoja na mganga mfawidhi mtu mmoja wa kusimamia taka, hesabuni visanduku, fungieni vifaa vyote vya zebaki.

Robo hii, kwa fedha kidogo: ndoo za rangi tatu katika kila chumba, vifaa vya kinga na chanjo kwa mbeba taka, uzio na kufuli, daftari la uzito wa taka na la ajali za sindano.

Mwaka huu: mwalikeni afisa mazingira na afisa afya wa halmashauri kabla hawajaja wenyewe; ombeni ushauri wa vibali kwa maandishi; jengeni mashimo; wekeni kifungu cha taka katika bajeti.

Maswali ya kujadili

1. Mvua kubwa ikinyesha leo usiku, maji yatakayopita kwenye shimo letu yataelekea kwa nani?

2. Nani anabeba taka za kituo chetu? Amechanjwa? Ana mkataba?

3. Mwezi uliopita tulitumia visanduku vingapi vya usalama, na hesabu ya sindano inalingana?

4. Vipimo vyetu vya zamani vya zebaki viko wapi sasa hivi?

5. Mkaguzi wa mazingira akifika kesho, ni karatasi zipi tutamwonyesha?

Majibu yaandikwe katika muhtasari wa kikao, na mbele ya kila pengo liandikwe jina la mjumbe na tarehe. Kikao kijacho kianze kwa kuusoma muhtasari huo, kabla ya ajenda ya dawa na mishahara.